Somo: Namna ya kununua kamera ya soko la kijivu bila kulizwa

Wadau, kamera ya soko la kijivu si feki wala si ya wizi. Imetoka kiwanda kilekile, ila mfanyabiashara ameinunua nchi inakouzwa kwa bei nafuu na kuiingiza kwingine bila kupitia wakala rasmi. Ndiyo maana ni rahisi, na ndiyo maana kabla ya kulipa lazima ujue jambo moja: ikiharibika, nani ataitengeneza?

Hatua ya 1: Piga hesabu kamili. Jumlisha bei, usafirishaji, ushuru na kodi, kisha linganisha na bei ya wakala rasmi. Unafuu uliobaki ukiwa mdogo kuliko gharama ya kubadilisha shata (pazia la ndani ya kamera linalofunguka na kufungwa kila unapopiga picha), nunua kwa wakala. Muuzaji akisema ataandika "zawadi" kwenye karatasi za forodha, achana naye, maana mzigo ukizuiwa utakayedaiwa ni wewe. Na bei iliyo chini mno kuliko ya wengine wote ni mtego wa zamani: ukishaagiza, unapigiwa simu "kuthibitisha oda", unashinikizwa ununue betri na chaja ambazo zilipaswa kuwemo kwenye boksi, ukikataa unaambiwa kamera imeisha.

Hatua ya 2: Mbane muuzaji kwa maandishi. Waranti ni ya kiwanda au ya duka lake? Ni ya muda gani? Kamera ikiharibika inatumwa wapi, na nauli analipa nani? Wengi hutoa waranti ya duka, na hiyo ina thamani pale tu duka lenyewe linapokuwepo na kujibu. Usijipe moyo kwamba utalipia matengenezo mwenyewe kwenye kampuni. Nikon tawi la Marekani, kwa mfano, lina msimamo wa kutotengeneza kamera za soko la kijivu hata ukitoa pesa yako. Hapo unabaki na fundi wa nje, ambaye huenda spea hana.

Hatua ya 3: Jua ni toleo la nchi gani. Wengi huruka hapa. Kamera nyingi za Sony zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina menyu ya Kijapani pekee, na huwezi kuibadilisha. Jina nalo linasema mengi: Canon 800D huitwa Rebel T7i Marekani na Kiss X9i Japani, na kamera ni ileile. Anayepiga video aulize kama anapata fremu 25 na 50 kwa sekunde au ni 30 na 60 tu, maana baadhi ya matoleo yamefungwa upande mmoja. Vifaa vya kuwashia flashi kwa redio ni hatari zaidi: PocketWizard za Marekani ziko kwenye masafa ya MHz 344 na za Ulaya MHz 433. Ukizichanganya hazisikilizani kabisa.

Hatua ya 4: Lipa kwa kadi ya benki. Usitume pesa moja kwa moja kwa mtu.

Hatua ya 5: Kagua siku hiyohiyo. Fungua boksi huku unarekodi video bila kukatiza. Namba tambulishi iliyo chini ya kamera (au nyuma ya kioo kinachofunguka) ifanane na ya kwenye boksi. Tazama reli za kuchomekea flashi: rangi ikiwa imechubuka, kamera hiyo ilishatumika. Tazama pia duara la chuma linaposhikia lenzi. Mikwaruzo mingi ya mviringo haitokani na kiwanda. Kisha funika lenzi, piga picha yenye ISO ya juu (kipimo cha wepesi wa kamera kunasa mwanga), uikuze utafute nukta zenye rangi kali. Mwisho, piga anga tupu kwa f/16, yaani tundu la lenzi likiwa dogo, uangalie vumbi kwenye sensa (kipande cha ndani ya kamera kinachonasa picha).

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nimeletewa lenzi kwenye boksi jeupe lisilo na maandishi. Nimepigwa?*

Si lazima. Lenzi nyingi za namna hiyo zilitolewa kwenye seti ya kamera na lenzi, zikauzwa peke yake. Hakikisha namba tambulishi ipo, na jaribu ulengaji wa karibu na wa mbali. Kwangu mimi, lenzi ndiyo kitu salama zaidi kununua kwa njia hii, kwa sababu haina menyu wala mfumo wa video wa kukusumbua.

*Programu ya ndani ya kamera nitaweza kuisasisha?*

Kwa kawaida ndiyo. Ipakue kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, ukihakikisha ni ya modeli yako hasa.

*Kamera inaandika kwamba haiwasiliani na betri. Muuzaji anasema nipuuze.*

Usipuuze, ndugu. Huenda betri orijino ilitolewa ukawekewa nyingine. Betri feki ya lithiamu huweza kuvimba au kupata moto. Iondoe, acha kuichaji, na udai orijino.

*Mimi nimeshalipa kwa kadi, kamera imekuja ya Kijapani tofauti na tangazo, na muuzaji hajibu. Nifanyeje?*

Dada, wasiliana na benki yako leo uombe kurudishiwa malipo, maana muda wa kulalamika una kikomo. Ambatanisha picha ya tangazo, mazungumzo yenu na video ya kufungua boksi. Kamera usiitumie, irudishe kwenye boksi na vifaa vyake vyote mpaka benki itakapokupa jibu.