Kuizunguka Vietnam kwa Gharama Nafuu: Mwongozo wa Treni za Usiku

Mwongozo huu unamhusu msafiri anayetaka kuiona Vietnam kutoka kaskazini hadi kusini bila kupanda ndege za ndani wala kulala katika hoteli za bei kubwa. Uti wa mgongo wa safari ni reli ya kilomita 1,726 inayounganisha Hanoi na Jiji la Ho Chi Minh, ambalo wenyeji wengi, na hata kituo chake cha treni, bado hutumia jina la Saigon. Mabasi mara nyingi yana nauli ndogo zaidi. Unafuu wa treni unatokana na kwamba usiku unaoupitisha katika behewa la kulala huulipii chumba, na asubuhi unashuka ukiwa umelala kweli.

Hatua ya 1: Chagua majira

Nchi hii ni ndefu na nyembamba, hivyo mvua hazinyeshi kote kwa wakati mmoja. Eneo la kati, yaani Hue, Da Nang na Hoi An, hupata mvua kubwa na mafuriko hasa Oktoba na Novemba, ilhali Hanoi wakati huohuo huwa na hali ya hewa ya kupendeza. Kwa njia nzima, Machi na Aprili ndiyo miezi ninayoipendekeza. Ziepuke siku za Tet, mwaka mpya wa Kivietnam, zinazoangukia kati ya mwishoni mwa Januari na Februari, kwa sababu tiketi huisha mapema na maduka mengi hufungwa.

Hatua ya 2: Omba viza

Tangu Agosti 2023 viza ya mtandaoni hutolewa kwa raia wa nchi zote, kwa muda usiozidi siku 90, kwa ada ya dola 25 kwa anayeingia mara moja na dola 50 kwa anayeingia mara nyingi. Tumia tovuti ya serikali, kwa kuwa mawakala wenye tovuti zinazofanana nayo huongeza ada zao juu yake. Majina yote yaandikwe kama yalivyo kwenye pasipoti. Sisi wenye majina matatu tusiliache la katikati, maana ada hairudishwi.

Hatua ya 3: Nunua tiketi ya kitanda kinachofaa

Hapa ndipo fedha nyingi huokolewa au kupotea. Behewa la kulala ni la aina mbili: lenye vyumba vya vitanda vinne na magodoro manene kidogo, na lenye vyumba vya vitanda sita, vitatu kila upande, na magodoro membamba. Katika vyumba vya sita, kitanda cha chini ndicho ghali zaidi na cha juu kabisa ndicho rahisi zaidi, lakini huko juu mtu mzima hawezi kuketi wima, na cha chini hugeuzwa benchi la abiria wote hadi wakati wa kulala. Kwa maoni yangu, kitanda cha kati kinastahili nyongeza yake ndogo. Nunua dirishani kituoni au kwenye tovuti ya shirika la reli, na uje na pasipoti, kwani jina na namba yake huandikwa kwenye tiketi.

Hatua ya 4: Igawe njia

Safari nzima bila kushuka huchukua zaidi ya saa 30, jambo lisilo na faida kwa mtalii. Panda usiku kutoka Hanoi hadi Hue, takriban saa 13. Kipande cha Hue hadi Da Nang kisafiri mchana, ukiketi upande wa kushoto, kwa sababu reli huzunguka mlima wa Hai Van ikiwa juu kidogo tu ya bahari. Hoi An haina kituo. Shuka Da Nang, kisha uchukue gari kwa kilomita 30 hivi. Kutoka Da Nang lala tena kwenye treni hadi Nha Trang, na kutoka huko hadi Saigon.

Ndani ya behewa kuna bomba la maji yanayochemka, na abiria wazoefu hubeba tambi za kopo na kikombe chao.

Hatua ya 5: Fedha na chakula

Beba dola safi zisizochanika wala kuandikwa. Noti ya dong (fedha ya Vietnam) 20,000 na ya 500,000 zote ni za buluu, na usiku zinachanganya mno; ziweke katika mifuko tofauti. Mijini, bodaboda za programu ya Grab huonyesha nauli kabla hujapanda, hivyo hakuna kupatana bei.

Chakula cha mchana kitafute panapoandikwa *cơm bình dân*, mahali panapofanya kazi kama kwa mama ntilie: unaelekeza kidole kwenye vyakula, navyo hupakuliwa juu ya wali. Nyama ya nguruwe na mafuta yake hutumika sana. Kwa Mwislamu, maandishi *chay* humaanisha mgahawa usiopika nyama wala samaki, na katika Jiji la Ho Chi Minh migahawa ya halali hupatikana karibu na msikiti wa mtaa wa Đông Du. Hanoi nayo ina msikiti, katika mtaa wa Hàng Lược.