Kukadiria uzito wa tangi la chuma kabla ya kuita kreni

Tangi la zamani linapotakiwa kuhamishwa Changamwe au Shimanzi, swali la kwanza la mwenye kreni huwa ni uzito. Kwa kuwa hewa ya chumvi ya hapa Mombasa huwa imekwisha kukila kibao cha mtengenezaji, jibu hutafutwa kwa tepu na kikokotoo.

Hatua ya kwanza ni eneo. Zungusha tepu nje ya tangi upate mzingo, wala usitegemee kipenyo ulichopima upande mmoja, kwani tangi lililobonyea huwa na vipenyo viwili. Tuchukue tangi la wima lenye mzingo wa mita 6.30 na kimo cha mita 3: ukuta wake ni mita za mraba 18.9. Ukiugawa mzingo kwa 3.14 unapata kipenyo cha mita 2, na hivyo kitako na kifuniko bapa vina mita za mraba 3.14 kila kimoja. Jumla ni 25.18.

Hatua ya pili ni unene, ambao hupimwa kwenye tundu la bomba baada ya kukwangua rangi. Kila milimita ya unene wa chuma cha kawaida ina uzito wa kilo 7.85 kwa mita ya mraba. Alumini ni kilo 2.7 tu. Pleti ya milimita 6 basi ni kilo 47.1, na tangi letu ni kilo 1,186.

Kutu huleta ubishi hapa. Anayenunua chuma chakavu ana haki ya kutumia unene uliobaki, lakini anayeinua atumie unene wa awali, kwa sababu kutu iliyoganda bado ina uzito wake, na ni heri kreni iwe na nguvu ya ziada kuliko ipungukiwe.

Hatua ya tatu, ongeza asilimia 10 kwa ajili ya flanji (pete za kuungia mabomba), mabomba na weldi. Tunafika takriban kilo 1,305. Ngazi na jukwaa, kama vipo, vipigiwe hesabu yake.

Hatua ya nne ndiyo inayopuuzwa zaidi: kilichomo ndani. Maji ya sentimita 10 tu kwenye kitako cha tangi hili ni kilo 314, yaani zaidi ya robo ya uzito wa pleti zote, na tope huwa zito kuliko maji. Fungua vali ya chini, kisha chungulia kwa tochi isiyoweza kutoa cheche iwapo tangi lilikuwa la mafuta. Mtu asiingie kabla hewa ya ndani haijapimwa.

Mwisho, jumlisha minyororo na ndoano, kisha mpe mwendesha kreni uzito huo pamoja na umbali kutoka kreni hadi tangi, kwa kuwa uwezo wa kreni hupungua kadiri mkono wake unavyonyooshwa mbali.