Kuweka programu kwenye menyu ya Linux, kuiandikia Kiswahili na kuiapdeti bila kuharibu kitu

Wakuu, leo tuongelee menyu, ile unayobonyeza kwenye kona ya skrini ndo upate programu zako. Nitatumia Whisker Menu ya Xfce (Xfce ni ile sehemu ya Linux inayokuonyesha madirisha, paneli na menyu) kwa sababu ndo inayokuja na Xubuntu na Linux Mint toleo la Xfce, na Xfce ni nyepesi, inafaa sana zile kompyuta za zamani za maabara za shule, ila karibu kila kitu hapa kinafanya kazi pia kwenye GNOME, KDE na Cinnamon, ambazo ni za aina hiyohiyo, maana wote wanafuata utaratibu mmoja wa freedesktop.org.

Kitu cha kwanza kuelewa, na ukikielewa hiki mengine yote yanakuwa mepesi: menyu yenyewe haina orodha ya programu mahali popote. Inachofanya ni kusoma mafaili madogo ya maandishi yanayoishia na .desktop, kila programu na faili lake. Yapo kwenye folda mbili kubwa, /usr/share/applications ambayo ni ya mfumo mzima, na ~/.local/share/applications ambayo ni yako wewe. Faili la kwako likiwa na jina sawasawa na la mfumo basi la kwako ndo linashinda. Kwa hiyo usiguse kabisa ile ya /usr, siku programu ikiapdetiwa faili lile linaandikwa upya na kazi yako yote inapotea.

Tuchukue mfano wa Kiwix, ile programu ya kusoma Wikipedia bila intaneti, na Wikipedia ya Kiswahili pia inapatikana. Ukiichukua kama AppImage, yaani programu nzima ndani ya faili moja, unapata faili hilo tu, halijiweki kwenye menyu lenyewe, mwanafunzi akifungua kompyuta hawezi hata kujua kama ipo. Liweke kwenye folda moja inayoeleweka, mfano ~/Programu, ulipe ruhusa ya kuendeshwa kwa chmod +x, halafu fungua programu ya kuandikia maandishi utengeneze faili ~/.local/share/applications/kiwix.desktop lenye haya:

[Desktop Entry]
Type=Application
Name=Kiwix
Comment=Read Wikipedia offline
Comment[sw]=Soma Wikipedia bila intaneti
Exec=/home/asha/Programu/kiwix.appimage %f
Icon=kiwix
Terminal=false
Categories=Education;
Keywords=wikipedia;offline;
Keywords[sw]=elezo;masomo;rejea;wikipedia;

Sasa hapo kwenye Exec ndo watu wengi wanakwama. Andika njia nzima kuanzia /home, ile alama ya ~ haieleweki pale, na kama jina la folda lina nafasi katikati zungushia alama za kunukuu. Hiyo %f inamaanisha faili moja litakalofunguliwa ndilo linaingia hapo, ukitaka mafaili mengi kwa mpigo ni %F, na kwa anwani za mtandao ni %u au %U. Herufi kubwa na ndogo zina maana, ukiandika exec badala ya Exec haifanyi kazi. Categories ndo inaamua programu ikae kundi gani na kila jina linaishia na nukta mkato, majina yenyewe usijitungie, yapo tayari kama Education, Office, Graphics, Network, AudioVideo, Game na Utility, na hayo hayatafsiriwi kwenye faili, menyu yenyewe ndo inaonyesha tafsiri.

Aikoni unaipata ndani ya AppImage. Endesha ./kiwix.appimage --appimage-extract, itakutolea folda inaitwa squashfs-root, humo tafuta picha ya programu, kama ni svg ipeleke ~/.local/share/icons/hicolor/scalable/apps/ na kwenye Icon andika jina tu bila .svg mwishoni. Ukiona usumbufu, weka njia nzima ya picha na itakubali.

Ile mistari yenye [sw] naomba usiiruke. Mtu akiwa na kompyuta iliyosetiwa sw_TZ au sw_KE, mfumo unatafuta kwanza mstari wa nchi yake, ukikosa unashuka kwenye [sw] ya kawaida, ukikosa na hiyo ndo unaonyesha ule usio na mabano. Maana yake [sw] moja inamtosha wa Mwanza na wa Mombasa, na Keywords[sw] inafanya mtoto akiandika "masomo" kwenye kisanduku cha kutafutia Kiwix itokee hata kama hajawahi kusikia jina hilo. Mimi naona hii ni sehemu yenye faida kubwa kuliko kazi yake, ni mistari miwili tu lakini inamfungulia mtu programu ambayo asingeifikia. Lazima tu mstari usio na [sw] uwepo pia, na maelezo yawe mafupi maana yakiwa marefu menyu inayakata.

Ukimaliza, kagua:

desktop-file-validate ~/.local/share/applications/kiwix.desktop

Kama haijasema kitu basi liko sawa, kama kuna kosa itakutajia. Komandi hii iko kwenye pakiti ya desktop-file-utils. Halafu jaribu gtk-launch kiwix, ikifunguka ujue Exec yako imekaa vizuri. Menyu kwa kawaida inaona faili jipya yenyewe ndani ya muda mfupi, ikigoma anzisha upya paneli (ule ukanda wenye kitufe cha menyu) kwa xfce4-panel -r. Kuna watu wanakimbilia update-desktop-database wakidhani ndo inaamsha menyu, hapana, ile inashughulika na aina za mafaili, yaani programu gani ifungue faili gani, kwa hiyo unaihitaji ukiwa umeweka mstari wa MimeType basi.

Kuhusu kuapdeti. AppImage mpya inakuja na jina lenye namba ya toleo, ukianza kubadilisha Exec kila mara utachoka, na kwenye maabara ya kompyuta ishirini ndo usiseme. Tumia kiungo, yaani jina linaloelekeza kwenye faili jingine, ukiwa ndani ya ~/Programu:

ln -sf kiwix-desktop-mpya.appimage kiwix.appimage

Exec inabaki inaelekeza kiwix.appimage siku zote, wewe unageuza kiungo tu, na toleo jipya likisumbua unakirudisha kwa lile la zamani kwa komandi hiyohiyo.

Kama ulikopi faili la mfumo kuja kwako ili uongeze Kiswahili, kumbuka kopi yako haitaapdetiwa na mtu. Programu ikibadilisha komandi yake, kopi yako inaendelea kuita ya zamani na aikoni inabonyezwa haifungui kitu, kwa hiyo baada ya apdeti kubwa linganisha mafaili mawili kwa diff uone kilichobadilika. Na kama unataka tu kuficha programu isionekane, kwenye kopi yako weka NoDisplay=true, itatoka kwenye menyu ila bado itafungua mafaili yake, tofauti na Hidden=true ambayo inahesabiwa kama umeifuta kabisa.

Wanaotaka kugusa Whisker Menu yenyewe, kodi iko gitlab.xfce.org, imeandikwa kwa C++ na GTK, leseni ni GPL (ya programu huria), na kazi ya kusoma mafaili ya menyu inafanywa na laibrari inaitwa garcon, kwa hiyo tatizo likiwa kwenye makundi au faili kutosomwa angalia huko kwanza. Ukiijenga iinstoli sehemu ileile ilipo paneli, kawaida /usr, ukiiweka /usr/local paneli inaweza isiione, na kwa kuwa hapo utakuwa unaandika juu ya pakiti ya mfumo fanyia kwenye mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako. Kuona makosa zima paneli kwa xfce4-panel -q, halafu PANEL_DEBUG=1 xfce4-panel, ujumbe utakuja kwenye terminali.

Tafsiri za Xfce zinapitia Transifex, tovuti ya kutafsiria programu, jiunge huko utafsiri Kiswahili badala ya kuwatumia watengenezaji faili la tafsiri la sw.po mkononi. Kwa miradi mingine fungua kodi uangalie kama kuna folda ya po, ikiwepo Kiswahili kinaandikwa kwenye po/sw.po na "sw" inaongezwa kwenye po/LINGUAS, faili la .desktop linajengwa kutoka hapo, ukiandika Comment[sw] moja kwa moja kwenye .desktop.in (kiolezo kinachozaa .desktop) watakurudishia. Kagua kwa msgfmt --check kabla ya kutuma, tuma badiliko moja kwa ombi moja. Likikubaliwa na toleo jipya likafika kwenye kompyuta yako, futa ile kopi ya ~/.local/share/applications, la sivyo itaendelea kulifunika faili la mfumo na hutaiona kazi yako.