Apu gani ya kuchati inatunza siri? Chagua hivi, hatua kwa hatua

Kazi yangu ni kuwekea watu simu zao sawa, na swali linalokuja kila mara ni "apu gani ndo salama kuliko zote?" Mi huwa silijibu mpaka mtu aniambie kwanza siri zake anamficha nani, coz jibu linabadilika hapohapo.

Hatua ya 1: Jua unamkwepa nani

Kuna mtu anayeshika simu yako ukiwa umelala, kuna tapeli anayetaka kuchukua akaunti yako akope hela kwa jina lako, kuna kampuni inayotaka kujua mambo yako ili ikuletee matangazo, alafu kuna wenye mamlaka ya kuidai kampuni itoe taarifa zako. Hao ni watu wanne tofauti na kila mmoja ana dawa yake. Kama anayekusumbua ni mtu wa nyumbani na anaijua pini ya simu yako, basi badilisha pini leo kabla hujapakua chochote, maana apu peke yake haitoshi kumzuia mtu aliyeshika simu ikiwa wazi.

Hatua ya 2: Angalia kama meseji zinafumbwa mwisho hadi mwisho, tena bila wewe kubonyeza kitu

Maana yake funguo za kusomea zipo kwenye simu yako na ya mwenzio tu, seva, yaani kompyuta ya kampuni iliyo katikati, inapitisha kitu ambacho yenyewe haiwezi kukisoma. SMS za kawaida hazina hiyo kinga, kampuni ya simu inaweza kuziona. Signal inayo kwa kila kitu tangu mwanzo, na WhatsApp ilikamilisha mwaka 2016 kwa kutumia mfumo uleule wa Signal, kwa hiyo kwa maneno yenyewe mnayoandikiana, WhatsApp sio mbaya kama watu wanavyoisema.

Telegram ndo naomba unisikilize vizuri. Watu wengi mno wanaamini ni ya siri kuliko zote, wakati chati ya kawaida ya Telegram inakaa kwenye seva zao na funguo wanazo wao. Ukitaka kufumbwa mwisho hadi mwisho lazima ufungue mwenyewe ile chati ya siri, na ni ya watu wawili tu, magrupu hayana kabisa. Kwa kufuatilia chaneli na habari ni nzuri sana, ila majibu ya vipimo vya hospitali au picha ya kitambulisho usitume huko kwenye chati ya kawaida.

Hatua ya 3: Uliza kampuni inabaki na nini

Hata kama maneno yamefumbwa, bado kuna taarifa za pembeni: uliongea na nani, saa ngapi, mara ngapi. Mtu akijua tu kwamba umewasiliana na mwanasheria wa talaka kila usiku wiki nzima, hahitaji kusoma meseji hata moja. Hapa Signal inawaacha wenzake mbali. Mwaka 2016 mahakama ya Marekani iliwadai taarifa za watumiaji, wakatoa walichokuwa nacho, yaani siku akaunti ilipofunguliwa na siku ya mwisho kuunganishwa na seva, basi. Inaendeshwa na taasisi isiyotafuta faida, inaishi kwa michango, na msimbo wake, yaani maandishi ya programu yenyewe, uko wazi wataalamu wanaukagua. WhatsApp ni ya Meta, kampuni yenye Facebook, na hizo taarifa za pembeni inakusanya nyingi zaidi.

Hatua ya 4: Namba ya simu

Haraka tu hapa. Signal bado inadai namba wakati wa kujisajili, ila tangu 2024 unaweza kutengeneza jina la mtumiaji ukampa mtu hilo na namba ukaificha. Kama hutaki kutoa namba kabisa ipo Threema ya Uswisi, ila ile unainunua.

Hatua ya 5: Angalia watu wako wako wapi

Apu nzuri isiyo na mtu wa kuchati naye haikusaidii. Ninachowashauri wengi ni kubaki na WhatsApp kwa watu wote, alafu kuwahamishia Signal wale wachache unaoongea nao mambo mazito. Anza na mmoja, mkae nayo wiki mbili, usilazimishe ukoo mzima siku moja maana watakukatalia wote.

Hatua ya 6: Setingi, usiruke hapa

Nakwambia ukweli, siri nyingi ninazoona zikivuja hazitoki kwenye apu mbovu, zinatoka kwenye setingi ambazo hakuna aliyezigusa.

Anza na bakapu, yaani nakala ya akiba ya chati zako. Chati zako za WhatsApp zikienda Google Drive au iCloud, bakapu hiyo haifumbwi mwisho hadi mwisho mpaka uwashe mwenyewe, na sehemu ya kuwasha ipo tangu 2021. Unaweza kuweka nywila au kuchukua ufunguo wa tarakimu 64, uandike na uutunze, maana ukiupoteza na simu ikapotea, WhatsApp wenyewe hawawezi kukufungulia. Na mwambie mwenzio awashe pia, kwa sababu meseji zenu zipo kwenye bakapu yake vilevile.

Kisha fungua "vifaa vilivyounganishwa". Ukiona kompyuta usiyoijua, itoe hapohapo. Mtu akishika simu yako dakika moja tu aka-skani kodi ya QR ya kuunganisha kompyuta yake, anasoma kila kitu akiwa kwake na wewe hujui. Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye WhatsApp, au kufunga usajili kwenye Signal, yaani pini ya ziada inayoulizwa mtu akitaka kujisajili kwa namba yako, na ile kodi ya tarakimu sita inayokuja kwa SMS usimpe mtu yeyote, hata kama anayeomba ni rafiki yako, huenda akaunti yake imeshaibiwa na unaongea na mwizi.

Ficha maneno ya meseji kwenye notifikesheni ili yasisomeke skrini ikiwa imefungwa. Washa pia meseji zinazojifuta, WhatsApp ina saa 24, siku 7 au siku 90, Signal unapanga mwenyewe mpaka wiki 4. Zinapunguza mzigo simu ikiibiwa, ila hazimzuii mwenzio kupiga picha skrini.

Hatua ya 7: Hakikisha ni yeye kweli

Kwa mtu wa mambo mazito, mkikutana fungueni namba ya usalama kwenye chati yenu, ambayo inatakiwa ifanane kwenye simu zote mbili, mlinganishe. Siku apu ikikuambia imebadilika, mara nyingi ni kwamba amebadilisha simu au ameweka apu upya, ila mpigie umsikie sauti kabla hujaendelea kumtumia vitu.

Hatua ya 8: Apu uliyoiacha

Kuiondoa kwenye simu hakufuti akaunti. Ingia kwanza kwenye mipangilio, futa akaunti yenyewe, kafute na bakapu iliyobaki kwenye Google Drive au iCloud, ndo uiondoe. Na kama unaachana na laini hiyo, maliza hayo yote kabla hujaiacha, coz namba ikija kupewa mtu mwingine ataweza kujisajili nayo.