Pima eakilina kwa tochi ya simu

Kiangazi hiki cha Tabora, kwa njia zetu za vumbi, usikimbilie kununua eakilina mpya, yaani kile kichujio cha karatasi cha hewa iingiayo kwenye injini. Ichomoe, ikung'ute taratibu, kisha ipulize kwa upepo mdogo kutoka upande wa injini kwenda nje. Ukianzia nje, unalisukuma vumbi lizame zaidi kwenye karatasi. Sasa ingia gizani, weka tochi ya simu upande mmoja uangalie mwingine. Mwanga ukipenya sawasawa, irudishe. Ukiona kinukta kikali, imetoboka: itupe, maana vumbi likipita hapo linasaga ringi za pistoni na silinda ndani ya injini, na bei ya kuitengeneza unaijua. Iliyolowa oili haiponi kwa kupuliza. Kuiosha kwa petroli usithubutu, hata fundi akisema.