Kijapani cha kuanzia: gari yako ishakufundisha sentensi ya mwanzo

Kila asubuhi Unguja nzima inasemeshwa Kijapani na hatuna habari. Washa Noah au IST yoyote iliyoshushwa bandarini juzi, hata mlango hujafunga, kuna mwanamke ndani ya dashibodi anakwambia "ii tii shii kaado ga soonyuu sarete imasen", na sote tushazoea kumjibu, haya mama tumesikia. Mie kazi yangu kupeleka wageni, nimemsikia huyo miaka mingi kabla sijamuuliza mtu anasemaje. Kumbe anasema kadi ya ETC haijatiwa, ile kadi ya kulipia barabara kuu za kwao Japani, basi, hakuna siri yoyote.

Lakini itazame hiyo sentensi. Kaado ni kadi. "Ga" imekaa nyuma ya kadi kukuonyesha kwamba hiyo kadi ndio kiima cha sentensi. Soonyuu sarete ni kutiwa. Halafu mwisho kabisa, "masen", ndio ile "ha" yetu ya kukataa, ila sisi tunakataa mwanzo wa kitenzi na wao wanakataa mwishoni, kwa hiyo Mjapani msikilize mpaka amalize, maana ndio na hapana inakuja mwisho. Tabemasu nnakula, tabemasen sili, tabemashita nimekula. Na hiyo tabemasu haina ni- wala u- wala wa-, inaweza kuwa nnakula, unakula, wanakula, hata nitakula, unajua kwa mazungumzo tu.

Sasa ushauri wangu wa kwanza, na ndio mkubwa: usijifunze Kijapani kwa kupitia Kiingereza kama una namna nyengine. Mie nilianza na apu ya Kiingereza nikapoteza miezi, inakufundisha kwa shida vitu ambavyo sisi tumezaliwa navyo. Vokali ni zile zile tano, a i u e o, na zinatamkwa kama zinavyoandikwa. Kore, sore, are, mwalimu wa Kiingereza anazielezea ukurasa mzima, wewe mwambie ni hii, hiyo na ile, umemaliza. Na mchele jee? Wao mpunga ni ine, mchele ni kome, wali ni gohan, yaani kama sisi, hawachanganyi shambani na sahanini. Redio ya taifa ya Japani, NHK, ina idhaa ya Kiswahili na masomo ya Kijapani yanayoelezwa kwa Kiswahili, bure kwenye intaneti, anza na hayo.

Pahala tunapokosea sisi ni urefu. Ulimi wetu umezoea kuvuta silabi ya pili kutoka mwisho, kila neno, hata hatujijui. Kijapani hakitaki hivyo, kila silabi ina kipimo chake sawa, na ukivuta ovyo neno linageuka. Obasan ni shangazi au mama wa makamo, obaasan ni bibi, sasa mvutie hiyo a mama wa miaka arubaini uone atakavyokutazama. Kite ni njoo, kitte ni stempu ya posta, pale kwenye tt unazuia pumzi kidogo. Na ile n ya mwisho, kama kwenye san, ina kipimo chake peke yake, kama n ya nchi au nne. Desu, ndio "ni" yao ya mwisho wa sentensi, na masu ya tabemasu zinasikika des na mas, u inamezwa.

Maandishi sasa. Watu wanaogopa hapa wakabaki kuandika kwa herufi zetu, usifanye hivyo, mie nilifanya na nikajuta. Hiragana, herufi zao za silabi, zipo 46 za msingi, chukua tano kwa siku, jaza ukurasa mzima wa daftari kwa kila moja kama tulivyokuwa tunaandika alifu be te chuoni, siku kumi umemaliza. Kisha katakana, nazo 46, sauti zile zile lakini ni za maneno ya kigeni, na hapa utacheka kwa sababu Wajapani nao hawapendi konsonanti mbili zikae pamoja, wanatia vokali kama sisi. Hoteru ni hoteli, keeki ni keki, kooto ni koti, na kamera ni kamera. Mazoezi yako bure njiani, soma kitufe cha ラジオ (rajio) garini, soma maandishi kwenye milango ya vikeri, vile vigari vidogo vya mizigo, vilivyokuja bila kupigwa rangi. Kuwa makini tu na シ na ツ, moja ni shi moja ni tsu, mpaka leo zinanchanganya.

Nambari ni ichi, ni, san, yon, go, roku, nana, hachi, kyuu, juu, muulize kijana yeyote anayecheza judo atakuhesabia, ila yeye nne atasema shi na saba shichi. Elfu kumi ina jina lake, ichiman, kwa hiyo elfu ishirini ni niman na laki ni juuman.

Lakini saa, yakhe, saa iliniumbua. Nilikuwa na wageni wawili, mzee na mkewe, hoteli moja huko Nungwi, nnawafuata saa tatu asubuhi. Nikajidai, nikawaandikia mwenyewe "asa no san-ji". San tatu, ji saa, asa asubuhi, si sawa? Mie nnafika saa tatu yangu nimechana nywele nacheka, nawakuta wamekaa mapokezi na mabegi tokea saa tisa za usiku. Wala hawakugomba, wameinamisha vichwa tu, na hiyo ndio ilinimaliza. Saa tatu yetu ni ku-ji, maana kwenye saa kyuu inakuwa ku, nana inakuwa shichi na yon inakuwa yo. Saa moja ni shichi-ji. Saa kumi ni yo-ji. Geuza saa kwanza kichwani, ndio utie Kijapani.

Maneno mengine yatakuchezea vile vile. Nani kwao ni nini, na nani yetu ni dare. Mimi ni sikio, kasa ni mwavuli, hai ni ndio, saba ni samaki, jamaa zake vibua. Pweza anaitwa tako, ndivyo ulivyosoma, kwa hiyo mgeni akikuomba tako Forodhani usimpige kofi, mnunulie. Na dubu anavyoitwa siandiki hapa, litafute mwenyewe na usilisome kwa sauti mbele ya wakwe.

Salamu wala hazitakusumbua mtu wa hapa. Gomen kudasai mlangoni ndio hodi. Otsukaresama ndio pole na kazi, neno ambalo Mzungu hana. Itadakimasu wanasema kabla ya kula, si Bismillahi lakini inakaa pale pale. Tia san ya heshima nyuma ya jina la mwenzio, usitie kwenye lako.

Sentensi, weka kitenzi mwisho: watashi wa gohan o tabemasu, mimi wali nnakula. Ukienda pahala tia ni, Forodhani ni ikimasu. Ukifanya jambo hapo tia de, Forodhani de tabemasu.

Kanji, zile herufi zenye asili ya Kichina, ziache mpaka kana, yaani hiragana na katakana, zitoke bila kufikiri. Orodha rasmi ya kila siku ina 2,136, usiitazame hata. Anza na 木, mti. Miwili ikikaa ubavu kwa ubavu, 林, ni kijisitu. Mitatu, 森, hapo ushafika msitu wa Jozani.