Kujifunza Kemia Ogania kwa Kutengeneza Sabuni ya Mawese

Mwanafunzi wa Kigoma anayetaka kuielewa kemia ogania, yaani kemia ya misombo ya kaboni, hana haja ya kusubiri maabara, kwa kuwa chupa ya mawese iliyo jikoni inatosha kuanzia. Molekuli ya mafuta hayo ni gliseroli iliyoshikana na asidi tatu za mafuta, na kiungo kinachozishikanisha huitwa esta. Asidi palmitiki, iliyo nyingi kuliko nyingine, ina atomu 16 za kaboni zilizopangana kama shanga, jambo linalowezekana kwa sababu kila atomu ya kaboni hufunga vifungo vinne. Mfaransa Michel Eugène Chevreul ndiye aliyebainisha muundo huu mwanzoni mwa karne ya 19, kwa kuichunguza sabuni.

Kutengeneza sabuni ni kuzivunja esta hizo kwa kostiki soda, yaani hidroksidi ya sodiamu. Kilo moja ya mawese huhitaji takriban gramu 142, lakini upime 135 kwa mizani, kamwe si kwa kikombe, ili kisalie mafuta kidogo badala ya kostiki, ambayo huunguza ngozi. Ukiwa umevaa glavu na miwani, mahali penye hewa, weka gramu 330 za maji katika ndoo ngumu ya plastiki, kisha utie kostiki ndani ya maji kidogo kidogo. Usimwage maji juu ya kostiki, kwa maana joto lake huweza kuyarusha usoni. Sufuria ya alumini isitumike kabisa, kwani kostiki huila na kutoa haidrojeni, gesi inayoshika moto upesi. Nalisisitiza hili kwa kuwa sufuria nyingi za majumbani mwetu ni za alumini.

Maji hayo yakishapoa hadi kuwa vuguvugu, yamimine katika mawese yaliyoyeyushwa na ukoroge kwa mwiko mpaka mchanganyiko uwe mzito kama uji. Mimina katika kasha, ukate kesho yake, na uviache vipande vikauke kwa wiki nne. Ukitumia mafuta ya mise, yaani ya kokwa za mchikichi, kostiki iwe gramu 167 kwa kilo. Asidi yake kuu, lauriki, ina kaboni 12 tu, na mkia huo mfupi wa kaboni huleta povu jingi zaidi.

Molekuli ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Utando wa kila seli ya mwili umejengwa kwa molekuli za namna hiyo, zenye mikia miwili, zilizojipanga safu mbili huku mikia ikielekeana ndani. Nayo poliesta ni mnyororo mrefu wa esta zinazojirudia, kwa hiyo shati lililofumwa kwa nyuzi zake hudhoofika likiloweshwa katika kostiki ya moto, kwa sababu ile ile inayoyageuza mawese kuwa sabuni.